Duara Lililofutwa

Leo naomba niweke kando vina na mizani kwa muda, nizungumzie kidole. Ni kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho kwa zaidi ya miaka kumi kimekuwa kikizunguka juu ya kibao cha kugusa cha kompyuta yangu mpakato. Kibao hicho ni ile sehemu bapa iliyo chini ya herufi, ambayo wengi wetu huitumia badala ya kipanya. Mwishoni mwa mwaka 2025 kidole kilizunguka kama kawaida yake, na ukurasa ukasimama pale pale. Nikazungusha tena. Mshale ulikimbia ukumbini mwa skrini kama kuku aliyefukuzwa jikoni, lakini maandishi hayakusogea hata mstari mmoja.

Yafaa nieleze kwanza duara lenyewe lilikuwa nini, kwa maana wengi hamkupata kulijua. Watu wengi husogeza ukurasa kwa kuburuta vidole viwili pamoja juu ya kibao. Mimi siwezi. Baridi yabisi imenikaa kwenye viungo vya vidole, na kuvinyoosha viwili kwa pamoja ni kujitafutia usiku wa maumivu. Lakini katika kompyuta zinazotumia Linux palikuwapo njia nyingine. Ulikuwa unagusa ukingo wa kibao kwa kidole kimoja, kisha unazunguka kana kwamba unakoroga sukari katika kikombe cha chai. Ukizunguka kuelekea kulia ukurasa unashuka, ukizunguka kushoto unapanda. Hapakuwa na haja ya kuinua kidole. Ungeweza kusoma utenzi wa beti elfu moja tangu bismillahi hadi tamati bila kukatika.

Njia hiyo haikuwashwa tangu dukani. Aliyeniwekea alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye niliwahi kumfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne kabla sijahamia chuo cha ualimu. Sasa ni mtunga programu jijini Dar es Salaam. Alipokuja kunijulia hali, akaniona ninavyohangaika na vidole, alikaa nusu saa akaandika mistari michache katika faili fulani, akasema, "Jaribu sasa, Mwalimu." Nikajaribu. Nilicheka kama mtoto aliyepewa gurudumu.

Basi duara lilipokufa, niliyemkimbilia ni yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani amenisasishia kompyuta. Ameliua duara langu."

Akauliza maswali mawili matatu, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya upole inayotumiwa na daktari mbele ya jamaa wa mgonjwa: "Kijana hana kosa, Mwalimu. Duara limeondolewa huko linakotoka programu. Hata mimi siwezi kulirudisha, isipokuwa turudi kwenye toleo la zamani, na hilo muda si mrefu litakoma kutunzwa."

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba nilikuwa nikisikia sifa za programu huria, kwamba ni mali ya watu wote, haina bwana wala mtwana. Iweje mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, aingie chumbani kwangu achukue kitu ambacho hakikumdhuru? Hakunijibu papo hapo. Alisema atakuja Jumapili anieleze ana kwa ana, nami nikajua amenihurumia.

Jumapili akaja, akaeleza, nami naweka hapa nilivyomwelewa.

Kompyuta haijui kidole. Kati ya kibao na programu unayoiona kwenye skrini lazima pawe na mkalimani, ambaye huitwa kiendeshi. Duara langu lilikuwa ndani ya kiendeshi kimoja kiitwacho synaptics, na kiendeshi hicho kilikuwa mpangaji katika nyumba kubwa iitwayo X. Nyumba hiyo ni ya zamani. Ilianza kujengwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, na umbo lake linalojulikana kwa jina la X11 lilitoka mwaka 1987. Wakati huo kompyuta nyingi za ofisini hazikuwa hata na kipanya, seuze kibao cha kugusa. Miaka ilivyopita, kila kifaa kipya kilijengewa chumba chake humo, na kila chumba kilikuwa na fundi wake, desturi zake na makosa yake.

Mwaka 2008 ikaanza kujengwa nyumba nyingine, Wayland. Nyumba mpya haikuwaruhusu wale wapangaji kuhamia na virago vyao. Badala yake akaandaliwa mkalimani mmoja wa vifaa vyote, libinput, ambaye toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Kwa miaka kumi nyumba mbili zilisimama bega kwa bega. Mistari ya mwanafunzi wangu iliniweka katika nyumba ya zamani, na mimi sikujua hata kwamba mtaa mzima unahama. Mnamo Septemba 2025, mazingira ya GNOME, ambayo ndiyo uso wa kompyuta yangu, yalitoka katika toleo la 49, na mlango wa kuingilia X11 ukafungwa kwa kawaida ya toleo hilo. Waliokuwa ndani wakahamia upande wa pili. Duara halikuhama, kwa sababu huko halikuwahi kujengwa.

"Kwa nini lisijengwe?" nikauliza. "Ni duara tu."

Hapo akafanya jambo lililonifurahisha, kwani alinirudishia somo langu mwenyewe. Akasema: "Mwalimu, ulitufundisha ngeli. Mtu akija leo akasema anataka kuongeza ngeli moja tu katika Kiswahili, ya vitu vichache tu, utamwambiaje?"

Nikaelewa kabla hajamaliza. Ngeli moja si neno moja. Ngeli moja inadai viambishi vya vitenzi, vya sifa, vya vionyeshi, vya vimilikishi, vya virejeshi. Kila sentensi itakayotungwa tangu siku hiyo italazimika kuulizwa kama inapatana nayo. Ndivyo ilivyo kwa kila chaguo linaloongezwa katika programu. Kila chaguo lina hali mbili, limewashwa au limezimwa, na linaweza kukutana na kila chaguo jingine. Ukiwa na machaguo 10, una hali 1,024 za kupima. Yakiwa 20, hali zinapita milioni moja. Na duara lilikuwa na ugomvi wake wa ziada: kidole kinapogusa ukingo wa kibao, mkalimani anatakiwa kubashiri kama mwenye kidole anataka kusogeza mshale, kusogeza ukurasa, au kiganja chake kimelalia pale kwa bahati mbaya. Vibao vya siku hizi vinapokea vidole vitatu na vinne kwa pamoja. Duara lingegongana na wote hao, na kila mgongano ungehitaji mtu wa kuusuluhisha.

"Na watumiaji wa duara," akamaliza, "walikuwa wachache."

Nikasema uchache si hoja. Akaniuliza swali lililonikalisha kimya: "Katika miaka yote hiyo, Mwalimu, uliwahi kuwaandikia hata mstari mmoja kuwaambia kwamba upo?"

Sikuwahi. Sikujua wapo wa kuandikiwa. Nililitumia duara kama mtu anavyotumia maji ya kisima cha jirani, bila kuuliza nani anafukua tope.

Alikunywa chai, akaaga, akaniacha na kibao changu bubu. Mimi nilibaki barazani, na ndipo nikakumbuka neno "wachache" nililisikia wapi kabla ya hapo. Nilikuwa nimelisema mwenyewe.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, nilikuwa mkuu wa idara ya Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu huku pwani. Palikuwa na mzee mmoja wa mjini, fundi wa kushona kanzu, ambaye alikuwa akija mara mbili kwa wiki baada ya vipindi kuwafundisha wanachuo kusoma na kuandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Hakulipwa. Alipewa chai na nauli. Wenzangu wapenzi wa lugha mnajua kwamba hazina kubwa ya ushairi wetu wa zamani iliandikwa kwa khati hiyo kabla herufi za Kirumi hazijashika usukani. Mnajua pia kwamba kuisoma kunataka zaidi ya kujua alifu na be. Katika miswada mingi ya zamani, herufi ile ile ya be huweza kusomwa b, p au mb, na ile ya fe huweza kuwa f au v. Anayeijua khati bila kuijua lugha atakwama, na anayeijua lugha bila kuijua khati ataona michoro tu. Mzee alikuwa navyo vyote viwili.

Mwaka wa kwanza darasa lake lilikuwa na wanachuo 14. Mwaka wa pili 5. Mwaka wa tatu 2. Somo halikuwa na mtihani, wala halikuwa katika muhtasari wa wizara. Chumba kilitakiwa kwa mazoezi ya kufundishia. Nikaandika barua fupi ya shukrani, nikampelekea mwenyewe kibandani kwake ili nisionekane mkosefu wa adabu.

Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya pasi.

"Wawili si haba, Mwalimu," akasema.

"Wawili si darasa, Mzee," nikamjibu.

Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama wale wawili wanaweza kuendelea kumfuata pale kibandani. Nikasema bila shaka, watafurahi. Sikuwaambia. Sikukusudia ubaya, nilikuwa na ratiba ya kupanga, na likanipotea kichwani. Wale vijana walimaliza chuo wakapangiwa shule za bara, na sijui kama waliwahi kusikia kwamba mlango wa kibanda ulikuwa wazi.

Mzee amekwisha kutangulia mbele ya haki. Miaka miwili iliyopita mjukuu wake alikuja kwangu na kasha la bati. Ndani mlikuwa na karatasi za babu yake, kurasa zinazokaribia 300, zote kwa khati ya Kiarabu. Hakuna mtu katika nyumba ile awezaye kuzisoma. Kijana alikuwa amezipiga picha moja moja kwa simu, akaniomba, kwa heshima iliyoniuma, nizisome nimwandikie kwa herufi anazozijua. "Babu alikuwa akikutaja sana," alisema. Sikuthubutu kumuuliza alinitaja kwa lipi.

Sasa mnaelewa, wasomaji wangu, kidole changu kilikuwa kikizunguka juu ya nini. Nilikuwa nimeziunganisha picha zile katika faili moja refu, na kila asubuhi baada ya chai nilikuwa nikikoroga duara langu, karatasi za mzee zikipita taratibu. Zimo hesabu za kanzu na majina ya wadaiwa. Zimo dawa za kikohozi. Yamo mashairi ya kujibizana na rafiki yake wa Pangani, yenye mafumbo ambayo mengine bado hayajanifungukia. Duara lilipokufa nilikuwa nimefika ukurasa wa 118.

Kwa siku kadhaa sikuweza kuendelea. Nilijaribu vidole viwili nikajuta. Nilijaribu vitufe vya mishale, macho yakawa yanapoteza mstari kila picha iliporuka. Lakini kilichonizuia zaidi, nadhani, ni aibu. Nilikuwa nimemnung'unikia mtu asiyenijua kwa kosa ambalo mimi nililitenda kwa mtu niliyekuwa nikimjua.

Hata hivyo, nimetafakari, na naona matendo yetu mawili hayafanani kabisa. Waliliondoa duara kwa hesabu kama yangu, lakini waliondoa kwa adabu kuliko mimi. Walitangaza. Waliacha nyumba mbili zisimame pamoja kwa miaka kumi. Msimbo wa kiendeshi cha zamani ungalipo hadharani, na yeyote mwenye ujuzi na nia anaweza kuuchukua akaujengea makao mapya bila kuomba ruhusa. Leseni zao zinasema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Nami zamani nilidhani hayo ni maneno ya mawakili. Siku hizi nayasoma kama usia: tumekupa kitu chenyewe na namna ya kukitengeneza, utunzaji tugawane.

Wala hawajipendelei wenyewe. Mwanafunzi wangu alinisimulia kwamba Linus Torvalds alipoanza kuitunga Linux mwaka 1991, alikuwa akifanyia kazi kwenye kompyuta yenye chipu ya 386. Mnamo Desemba 2012 uwezo wa kutumia chipu hiyo uliondolewa katika Linux, na aliyeipokea kazi ya kuuondoa ni Torvalds mwenyewe, kwa sababu kuutunza kulikuwa kukiwachelewesha waliokuwa wakiendeleza sehemu nyingine. Alilifunga tundu alilotokea. Sina hakika kama ningekuwa na moyo huo.

Mimi nilichoondoa sikukiwekea akiba. Sikumwomba mzee aandike hata kurasa kumi za mwongozo. Sikurekodi sauti yake akisoma. Sikuwafikishia vijana wawili ujumbe wa maneno sita. Nilikuwa na haki ya kukifunga chumba. Sikuwa na haki ya kusahau mlango wa kibanda. Lugha haina ghala linalojitunza lenyewe ambamo kila toleo la zamani hubaki likingoja. Msimbo ulioachwa husomeka na yeyote anayejua lugha yake. Khati iliyokosa msomaji hurudi kuwa michoro, na karatasi zake huishia kufungia vitumbua.

Nilichofanya ni haya mawili, na si makubwa.

La kwanza, mwanafunzi wangu alinionyesha njia ambayo mkalimani mpya anaikubali: kusogeza ukurasa kwa kidole kimoja kwenye ukingo wa kulia wa kibao. Si duara. Kidole kinashuka ukingoni, kikifika chini lazima ukiinue, ukirudishe juu, uanze tena. Mwanzoni nililiona kuwa mateso madogo. Sasa nimelizoea, ingawa ninakwenda polepole kuliko zamani na mkono huchoka mapema. Sitawadanganya kwamba ni bora. Nilimwomba pia anisaidie kuwaandikia watunzaji wa programu hiyo barua fupi, kwa Kiingereza changu cha kizamani, ya kuwashukuru na kuwaambia kwamba yupo mzee mmoja mwenye vidole vibovu anayeutegemea ukingo ule. Sikuomba duara. Nilitaka tu wanihesabu, siku watakapokuwa wakihesabu.

La pili, nilimwita mjukuu wa mzee. Nikamwambia kwamba sitamalizia zile kurasa peke yangu. Vidole vyangu na macho yangu navyo ni toleo la zamani, na tarehe ya kukoma kutunzwa haijatangazwa. Nikamwambia aje kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nimfundishe khati ya babu yake, tusome pamoja. Akaniuliza kama anaweza kuja na dada yake, mwanafunzi wa kidato cha pili.

"Mtakuwa wawili," nikasema.

"Ni wachache sana, Mwalimu?"

Nikamwambia wawili si haba. Ilinibidi nigeuke nijifanye natafuta miwani.

Wiki iliyopita yule binti alisoma peke yake mstari mzima kutoka ukurasa wa 131. Alikwama kwenye neno moja: akalisoma kwa b, halikuleta maana, akalijaribu kwa p, likakataa, kisha akatamka mb, na uso ukamchangamka. Lilikuwa neno "mbeleko". Mzee alikuwa akiandika kipimo cha nguo aliyoagizwa na mama mmoja aliyejifungua. Si shairi wala fumbo, lakini neno lilikuwa limekaa ndani ya bati kwa miaka mingi likingoja mtu wa kulitamka.

Nafunga kwa ubeti mmoja niliouandika jioni ile, nao nauacha mbele yenu mrekebishe pale nilipoteleza:

Kidole kilizunguka, kikipita bila tuo,
Duara likafutika, nikakosa kimbilio,
Kumbe nami nilitaka, nibebewe mazoeo,
Lisilo wa kulishika, hukoma pasi kilio.

Jumamosi ijayo tunaanza ukurasa wa 132. Aliye karibu na anayetaka kujifunza, baraza yangu ina nafasi, na chai ipo.